Muda wa Mtoto Usipotelee Kwenye Karatasi: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Kuogelea Kenya

Kwa viongozi wa mchezo wa kuogelea nchini, wa taifa na wa kaunti,



Jioni ya tarehe 14 Agosti 2008, katika bwawa la Beijing, kijana wa Nairobi mwenye miaka 21 aliingia majini kwenye mchujo wa mita 100 kipepeo, akagusa ukuta kwa sekunde 51.14. Rekodi ya Olimpiki ilikuwa 51.25, nayo ilikuwa ya Michael Phelps tangu Athens 2004. Baadaye kidogo Milorad Čavić wa Serbia aliivunja kwa 50.76, lakini kwa dakika hizo chache rekodi ya Olimpiki ilikuwa ya Mkenya, tena si ya mita 800 wala ya kuruka viunzi na maji. Asubuhi ya tarehe 16 ikaja fainali. (Ilipangwa asubuhi ili Wamarekani waitazame jioni kwao, hela ya televisheni ina nguvu kuliko usingizi wa mwanamichezo.) Phelps 50.58, Čavić 50.59. Picha za mikono ya wale wawili ukutani zimeonyeshwa mpaka basi. Nafasi ya tano, kwa 51.47, alikuwa Jason Dunford, mwogeleaji wa kwanza wa Kenya kufika fainali ya Olimpiki.

Jina hilo mnalijua. Mnalitaja kila mnapofungua gala, kipaza sauti mkononi, watoto wamejipanga na kofia zao: humu ndani tunawatafuta akina Dunford wengine. Makofi yanapigwa. Nimechoka kulisikia likitajwa hivyo, kama mvua ambayo huja ikipenda na isipokuja hakuna wa kulaumiwa. Mtu akishafanywa muujiza, hakuna anayedaiwa kazi.

Tuifuate safari yake kama ilivyo kwenye kumbukumbu. Mwaka 2006 alikwenda Melbourne kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 2007 akarudi mji uleule kwa mashindano ya dunia, kisha Algiers kwa Michezo ya Afrika, akapata dhahabu. Mwaka 2008 Beijing. Mwaka 2009 Roma, tena mashindano ya dunia. Oktoba 2010 akawa Delhi, akashinda mita 50 kipepeo kwa sekunde 23.35, nyuma yake wakiwa Geoff Huegill wa Australia na Roland Schoeman wa Afrika Kusini, watu waliokwisha kupanda jukwaa la medali za Olimpiki. Mwaka 2012, London, ndiye aliyeibeba bendera ya Kenya kwenye sherehe ya ufunguzi, mwogeleaji mbele ya msafara uliojaa wakimbiaji. Na katikati ya safari hizo zote kulikuwa na Chuo Kikuu cha Stanford, California, ambako msimu ukianza timu za vyuo hupambana takribani kila wiki. Mdogo wake David, naye mwogeleaji wa Olimpiki, alikuwa Chuo Kikuu cha Arizona.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kwamba karibu kila mwaka alikuwa na ukuta wa kugusa na saa ya kumhukumu. Ile 51.14 ya Beijing haikumshukia. Ilikuja baada ya 52 na nukta nyingi, na 53, na kabla yake nyingine za utotoni zilizoandikwa mahali, zikahifadhiwa, zikasomwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Nairobi.

Najua mtaniambia nini, maana wazazi wenzangu wameshaniambia jukwaani, tukila viazi karai: yule ni mzungu, kwao walikuwa na uwezo, alisomeshwa nje. Sawa. Siwezi kudai kwamba mtoto wa Kisauni na mtoto wa Muthaiga wanaanzia mstari mmoja. Lakini tukishalisema hilo tunatoka na nini? Hamwezi kumpa kila mtoto wazazi wenye uwezo. Mnachoweza kumpa ni kile kilichomfikisha yule kijana machoni pa makocha wa mbali, yaani muda wake, uliopimwa sawasawa na kuandikwa mahali unapoonekana.

Mimi ni mzazi, na kwenye gala huwa nakaa kwenye kiti cha mshika saa. Pengine hamjawahi kukaa hapo, kwa hiyo niwaeleze. Kila mstari, mambo yakienda vizuri, huwa na washika saa watatu. Filimbi, watoto wanapanda kwenye jukwaa la kurukia, kimya, king'ora, nasi tunabonyeza. Kidole cha mtu husubiri sikio au jicho, kwa hiyo saa zetu huanza zikiwa zimechelewa kidogo. Mwisho wa mbio ni kinyume chake: unamwona mtoto anakuja, mkono umenyooka, na kidole chako hutaka kubonyeza kabla hajagusa. Ndiyo maana muda wa saa za mkono huwa mzuri kuliko ukweli. Saa mbili zikikubaliana, huo ndio muda. Zote tatu zikitofautiana, unachukuliwa ule wa katikati. Wakati mwingine mstari una washika saa wawili. Wakati mwingine ni mimi peke yangu na simu, na karatasi imelowa maji ya watoto waliopita, na wino umesambaa mpaka 3 inafanana na 8. Karatasi hiyo hiyo hubebwa na kijana anayekimbia kandokando ya bwawa kwenda kwa mtu wa kompyuta, ambaye ana karatasi nyingine arobaini mbele yake.

Sasa linganisheni na ule ukuta wa Beijing. Wengi walioitazama fainali ile kwa macho waliapa kwamba Čavić ndiye aliyefika kwanza. Alikuwa mbele kweli, lakini aliteleza hadi ukutani, naye Phelps akamaliza kwa pigo moja la nguvu. Kibao cha umeme kilichopo ukutani hakisomi kufika, kinasoma kusukumwa. Serbia ikalalamika, picha zikakaguliwa, matokeo yakabaki. Sehemu moja ya mia ya sekunde. Mbele ya tofauti kama hiyo, mimi na simu yangu tunapima nini?

Mwaka uliopita msichana mmoja wa mtaani kwetu aliogelea gala ambayo sitaitaja jina wala waandaaji wake. Aliogelea vizuri kuliko alivyowahi kuogelea, na kila mtu pale aliona. Baada ya wiki kadhaa kocha wa chuo kimoja Marekani akamwandikia barua pepe fupi, ya adabu, akiuliza mambo mawili: muda wake, na mashindano ambayo muda huo ulipatikana. Familia ikaomba matokeo rasmi. Wakaambiwa yanaandaliwa. Wakaambiwa yuko safarini mwenye kompyuta. Mwishowe wakapata picha ya karatasi kwenye WhatsApp, imepigwa upande, jina la msichana limekosewa, haikuandikwa kama bwawa lilikuwa la mita 25 au la mita 50. Kocha yule hakujibu tena, na simlaumu. Ana majina mengi mezani, na mengine yana matokeo ambayo anaweza kuyafungua mwenyewe.

Hili la urefu wa bwawa si dogo. Mabwawa yetu mengi, ya shule na ya hoteli, ni ya mita 25 au hata pungufu ya hapo. Katika bwawa fupi mtoto hugeuka mara nyingi zaidi, na kila akigeuka husukuma ukuta kwa miguu, kwa hiyo muda wake huwa mzuri kuliko wa bwawa refu. Kwa Olimpiki muda wa bwawa fupi hauhesabiki. Unatakiwa muda wa mita 50, tena uliopatikana kwenye mashindano yaliyoidhinishwa na shirikisho la dunia, World Aquatics. Tunalo bwawa la Kasarani, lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Swali langu kwenu ni moja kuhusu bwawa hilo: mtoto wa klabu ndogo anaweza kuogelea mashindano ya mita 50, yenye saa za umeme, mara ngapi kwa mwaka, na tarehe zake zinatangazwa lini? Mzazi anayetoka Mombasa, Kisumu au Eldoret anahitaji kujua miezi mapema. Kuna nauli ya treni au basi, kuna mahali pa kulala, kuna ruhusa ya shule, na sasa kuna mtihani karibu kila muhula. Tangazo linalotoka siku kumi kabla ni tangazo la watu wanaokaa karibu na bwawa.

Kuna maneno ninayoyasikia sana yakisemwa na watu wa bara, na hata na viongozi, kwamba watoto wa pwani wamezaliwa waogeleaji, kwa hiyo siku moja bingwa atatokea baharini. Ni maneno matamu lakini si ya kweli. Mtoto wa Likoni au wa Tudor huogelea akiwa ameinua kichwa, kwa sababu lazima aone wimbi, mashua na wenzake. Hiyo ni akili nzuri ya baharini na imeokoa maisha. Bwawani ni kosa: kichwa kikiinuka, nyonga zinazama, na mwili mzima unageuka breki. Baharini hakuna ukuta, na mbio za leo huamuliwa ukutani. Baada ya kuruka au kugeuka, mwogeleaji wa kipepeo anaruhusiwa kukaa chini ya maji mpaka mita 15, akipiga miguu pamoja kama pomboo, na huko chini ndiko mabingwa wanakowaacha wenzao. Hayo hayafundishwi na maji ya chumvi. Yanafundishwa na kocha, alfajiri, ukuta uleule mara mia mbili.

Mara kwa mara mnatuonyesha orodha ya timu ya Olimpiki kama ushahidi kwamba mambo yanakwenda. Rio 2016 walikwenda Hamdan Bayusuf na Talisa Lanoe. Tokyo walikwenda Danilo Rosafio na Emily Muteti. Nawaheshimu wote wanne. Nafasi hizo hawakuziomba barabarani, walizitolea jasho. Lakini sisi na nyinyi tunajua kanuni. Nchi isiyo na waogeleaji waliofikia viwango hupewa nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, ili dunia yote iwepo. Jirani zetu Watanzania walikuwa Paris 2024 kwa hesabu ileile ya mmoja na mmoja, Collins Saliboko na Sophia Latiff. Mpango huo ni mwema. Ndio uliompeleka Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta Sydney mwaka 2000, akaogelea mita 100 peke yake baada ya wenzake wawili kuondolewa kwa kuanza mapema, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 52.72, na ukumbi mzima ukasimama. Tatizo si nafasi hizo. Tatizo ni chama kinachozizoea, kwa sababu nafasi mbili zitakuja hata kama hakuna mtoto hata mmoja nchini aliyeongeza kasi, na safari itakuwepo, na maafisa wa kusindikiza watakuwepo.

Na kwa kuwa tumegusa maafisa, niseme hili halafu niliache. Miaka ya nyuma mlipogombania uchaguzi na viti mpaka shirikisho la dunia, wakati huo likiitwa FINA, likaingilia kati, watoto waliokuwa na miaka 15 hawakusimamisha umri wao kuwasubiri mpatane. Mwogeleaji hana miaka mingi. Dunford alikuwa fainali ya Olimpiki akiwa na miaka 21. Hesabuni kurudi nyuma muone alipaswa kuwa anafanya nini akiwa na 16.

Wengine huondoka, nasi huwaita wasaliti. Achieng Ajulu-Bushell aliogelea kwenye mashindano ya dunia ya Roma 2009 kwa jina la Kenya, na mwaka uliofuata alikuwa anaogelea kwa Uingereza, mwanamke wa kwanza mweusi kufanya hivyo. Nilisikia watu wakimsema vibaya. Mimi naona alikwenda kwenye mashindano ya kila mwezi na kocha wa kila siku, na ningekuwa babake ningembebea begi.

Niwarudishe kwa wasichana, maana huku kwetu Mombasa suala la mavazi yao haliwezi kuepukwa. Baada ya mashindano ya Roma, ambako rekodi zilianguka ovyo kwa sababu ya mavazi ya plastiki yaliyomwelesha mtu kama boya, shirikisho la dunia likapiga marufuku mavazi hayo kuanzia 2010. Lilifanya vyema. Lakini kanuni zilezile zilipima na urefu wa vazi: mwanamume kitovu hadi goti, mwanamke bega hadi goti, basi. Aliyeziandika alikuwa anafikiria kampuni za mavazi, hakuwa anamfikiria msichana wa Majengo ambaye babake anamruhusu kuogelea akiwa amefunika mikono na miguu. Matokeo yake kila gala mwamuzi huamua kivyake. Nimeona msichana akiruhusiwa Jumamosi na kuzuiwa Jumapili, bwawa lilelile, vazi lilelile. Gala ya kaunti si Olimpiki. Andikeni mstari mmoja kwenye kanuni za nyumbani: vazi la kitambaa, refu, la stara, linaruhusiwa kwenye mashindano yetu na muda wake unahesabiwa. Kitambaa kingi kinavuta maji, kwa hiyo hapati faida yoyote. Anapata hasara na bado anataka kushindana. Mnamzuia kwa lipi? Akifika mahali ambapo kanuni za dunia zinambana, ataamua yeye na wazazi wake, akiwa tayari ana muda mkononi wa kuamulia.

Kuna jambo limebadilika ambalo sijasikia mkilisema hadharani. Ile mita 50 kipepeo aliyoshinda Dunford kule Delhi haikuwa mbio ya Olimpiki. Alikuwa bingwa wa Jumuiya ya Madola katika mbio ambayo Olimpiki haikuitambua, ikabidi kila mara aogelee mita 100, ambazo nusu yake ya pili ndiyo inayoua mabega. Aprili 2025 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikubali mita 50 za kipepeo, chali na chura ziingie Los Angeles 2028. Kwa nchi kama yetu hiyo ni habari kubwa. Mita 50 haimdai mtoto kilomita nyingi za mazoezi kila siku ambazo mabwawa yetu hayawezi kumpa. Inadai kuruka vizuri, miguu ya chini ya maji, nguvu, na kumaliza bila kuteleza ukutani. Kijana wa miaka 17 mwenye mabega ya kuvuta nyavu anaweza kufundishwa hayo. Ila mita 50 ndiyo mbio isiyosamehe kabisa saa ya mkono: kosa la kidole changu ambalo katika mita 1500 halionekani, hapo ni tofauti ya mtu wa kwanza na wa sita.

Kwa hiyo sitawaomba bwawa jipya. Mabwawa mapya huombwa kila uchaguzi, na mawe ya msingi yapo mengi. Naomba kalenda ya mwaka itangazwe kabla Januari haijaanza, yenye mashindano ya bwawa refu yasiyopungua moja kila baada ya miezi miwili, na mengine yasogee pwani na ziwani kwa bwawa fupi. Naomba mfumo mmoja wa saa za umeme unaosafiri; vibao vya kugusa hufungwa na kufunguliwa, havikujengewa ukutani. Kama hela ya vibao haijapatikana, basi angalau ule mfumo wa kati, ambapo king'ora kinaanzisha saa zenyewe na sisi tunabonyeza kitufe mwisho tu. Nusu ya makosa yetu itaondoka siku hiyo hiyo. Na naomba matokeo yote, ya mtoto wa miaka tisa na ya timu ya taifa, yawekwe hadharani ndani ya siku mbili, jina limeandikwa sawa, urefu wa bwawa umeandikwa, namna ya kupima imeandikwa. Hilo la mwisho halina gharama zaidi ya mtu mmoja makini na intaneti.

Mtasema watu wa kufanya kazi hiyo hawapo. Wapo jukwaani, wanakula viazi karai. Wengi wetu tunakaa pale kwa muda wa saa nane kumsubiri mtoto aogelee sekunde thelathini. Tufundisheni. Leteni kozi ya washika saa na waamuzi Mombasa, Jumamosi na Jumapili moja, mtupe na mtihani mkitaka. Nimeshaongea na wazazi wa klabu tatu za huku na majina ya waliokubali ninayo. Tunasubiri tarehe tu, na ukumbi tutautafuta wenyewe.

Wenu katika mchezo,

Mzazi na mshika saa, Mombasa